Maua ya Arusi ya Jeilani

Barka aliishi Langoni, upande wa kusini wa mji wa Amu, yaani Lamu, katika nyumba ya makuti iliyokuwa na ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Uani alikuwa na misumini saba, milangilangi miwili, mkadi mmoja karibu na kisima, na rehani kila mahali palipobaki. Kwa maua hayo alikula na kuvaa, na kwa maua hayo akamlea binti yake wa pekee, Mahfudha, baada ya mumewe kufariki.

Mji ulimjua. Mtu akitaka kumuoza mwanawe, kabla hajamwita mpishi alimwita Barka, waketi wachague: maua gani ya kikuba cha kifuani, gani ya koja la shingoni, gani ya kumwagwa kitandani. Yeye ndiye aliyejua kwamba asumini huchumwa alasiri ingali tumba, ili ipasukie kwenye nywele za bibi arusi, si kwenye sinia. Alijua kwamba mkadi ukizidi chumbani huumiza kichwa. Mama yangu alikaa nyumba ya pili kutoka kwake, na haya ninayoyasimulia mengi niliyapata kwa mama, na mengine kwa Barka mwenyewe alipokuwa mtu mzima na hajali tena nani anasikia.

Mamake Barka alizaliwa mtumwa katika nyumba moja ya mawe huko Mkomani, nyumba ya akina Bwana Abdulghafur. Serikali ilipoufuta utumwa, desturi haikufutika. Mama yule aliendelea kwenda kule kwenye kila shughuli, na Barka akairithi njia ile ile. Arusi ikiwa ya nyumba ile, maua ni ya Barka, na hawezi kusema ana kazi kwingine. Aliingia kwa mlango wa jikoni na kutokea huko huko.

Mahfudha alipofika umri wa kusaidia, akawa anafuatana naye. Mikono yake ilikuwa mepesi kuliko ya mamake. Mwaka wa sitini na nne alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hapo ndipo Jeilani, mwana mkubwa wa Bwana Abdulghafur, alipomwona akitunga vikuba vya maulidi kwenye kikao cha jikoni. Jeilani alikuwa amesoma Mombasa, sasa amerudi kusimamia duka la babake.

Alikuja Langoni mwenyewe, alasiri, akaketi mkekani kama mgeni wa kawaida.

"Bi Barka, namtaka Mahfudha. Kwa halali."

"Babako ayua?"

"Bado. Tangu udogo wangu nimewekewa binti ami yangu wa Siu. Nikimwambia sasa ataniapiza. Nataka nimuoe kwa siri, kisha unipe mwaka mmoya. Nitamtoa nde mbele ya watu wote."

Barka alikaa siku tatu bila kujibu. Alimwambia mama yangu baadaye kwamba hakuwa mjinga. Alijua ndoa za siri huishia wapi. Lakini alimwona binti yake namna anavyochelewa kisimani, na alijua kijana akikataliwa kwa halali huenda akapata kwa haramu. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo alilikiri baada ya miaka mingi tu. Alitamani mjukuu wake aingie nyumba ile kwa mlango wa mbele.

Ndoa ilifungwa Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, nyumbani kwa Mwalimu Khatib, mtu mnyamavu aliyesomesha watoto Kurani asubuhi na kutengeneza vyombo vya bahari mchana. Mashahidi walikuwa mafundi wenzake wawili. Jeilani aliomba jambo moja, pasiwe na maua.

"Harufu haina siri," alisema. "Asumini zikinuka kwako yeo, kesho mji mzima utauliza ni nani aliyeolewa."

Kwa hiyo binti wa mtunga maua aliolewa na nywele zilizopakwa mafuta ya nazi tu. Walirudi kwa punda kabla ya magharibi. Siku ile Barka hakuchuma wala hakuuza. Asumini zilipasuka mitini, na asubuhi uani palikuwa peupe.

Kwa miezi kadhaa Jeilani alikuja mara mbili kwa juma, wakati watu wamelala mchana. Mahfudha alishika mimba. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Watu wa vijiji vya bara na hata wa Kiwayu walikimbilia Amu kwa kuwaogopa mashifta, waasi wa mpakani wenye bunduki, wakalala penye nafasi. Kila nyumba ilikuwa na mgeni na kila mgeni alikuwa na kilio chake, hata tumbo la Mahfudha halikutazamwa sana mpaka lilipokuwa halifichiki. Watu walipouliza, Barka alijibu, "Ana mume. Atajulikana." Wakawa wanatazamana na kunyamaza, na huko kunyamaza kulimchoma kuliko kusemwa.

Kufikia wakati huo Jeilani alikuwa haji tena.

Mimba ilikuwa ya miezi saba alipokuja mjakazi kutoka Mkomani. Alisimama mlangoni akasema, "Bi Rukiya akwita. Jeilani aoa Alhamisi ijayo. Ndoo mchague maua."

Bi Rukiya alikuwa mamake Jeilani. Barka alijifunga buibui akaenda, na sinia lake kichwani lenye kila ua la msimu, kama alivyofanya kwa arusi nyingine yoyote. Alisema alikwenda kwa sababu alidhani atapata nafasi ya kunena na Bi Rukiya, mwanamke kwa mwanamke. Mahfudha alimtazama akiondoka.

Ghorofani alimkuta bibi arusi mwenyewe, Alawiya, aliyeletwa kutoka Siu siku chache nyuma. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye haya, na mkono mmoja hauachi kucheza na ncha ya mtandio. Bi Rukiya alikuwa ameketi kati ya makaratasi ya rangi. Alikuwa ameagiza maua ya karatasi kutoka Mombasa, mekundu na ya manjano, na mengine ya plastiki yanayong'aa.

"Haya ndiyo ya siku hizi," alisema. "Hayanyauki. Kitanda chote nitakizungushia haya. Yako wewe yatakuwa ya kitwani na kifuani tu."

"Mimi nataka yanayonuka," Alawiya alisema polepole. "Hata kitandani."

Bi Rukiya alicheka. "Basi chagua. Arusi ni yako."

Barka akaliweka sinia mbele ya msichana. Alawiya aliinua ua moja moja, akanusa, akarudisha. Mkadi aliuona mkali. Langilangi aliishika muda mrefu, kisha akasema inamkumbusha ugonjwa wa mamake na kuiweka kando. Mwisho akainua macho.

"Bi Barka, wewe kama ungemuoza binti yako, ungemtia yapi?"

Bi Rukiya aliacha kukunja karatasi.

"Asumini tupu," Barka alijibu. "Tatu tatu, na jani la rehani kati. Kitwani koja la duara, si pana. Na kitandani hivyo hivyo, pasiwe na kingine."

"Basi nitie hayo."

Walipoteremka ngazi, Barka alimshika Bi Rukiya kwenye kikao cha jikoni.

"Bi Rukiya, nina neno."

"Sema."

"Mahfudha ana mimba ya Jeilani. Ni mkewe wa ndoa. Mwalimu Khatib wa Matondoni ndiye aliyewaoza."

"Nayua."

Barka alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa kukanwa, hata kwa kupigwa. Neno hilo hakulitarajia. "Wayua?"

"Nimemzaa mimi, nitakosa kuyua? Sikiza, Barka. Yaliyofanyika Matondoni yasalie Matondoni. Mtoto akizaliwa hatakosa nguo wala chakula. Lakini nyumba hii haina mkwe Langoni."

"Bwana Abdulghafur je? Ayua?"

"Bwana moyo wake mgonjwa. Ukitaka kumuua, mlango wa baraza yake ni ule, nenda." Bi Rukiya alingoja. Barka hakusogea. "Haya. Makoja kumi na mawili na vikuba sitini. Alhamisi kabla ya magharibi nitatuma mtu."

Barka alifika nyumbani akamweleza Mahfudha yote, hata swali la bibi arusi na jibu lake. Akasema, "Sizitungi. Watafute mtu Shela."

Mahfudha alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba. "Makoja mangapi?"

"Kumi na mawili, na vikuba sitini. Usiulize."

"Hutaweza peke yako. Tutatunga sote."

"Una wazimu?"

"Mama, ukikataa arusi ile, ni nani atakayekuita tena mji huu? Watasema Barka ana kinyongo, na watauliza kinyongo cha nini. Na huyu atakula nini?" Akajishika tumbo.

Mama yangu, aliyesikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa makuti, alisema hakuna aliyelia. Waliongea kama watu wanaopanga kwenda sokoni.

Alhamisi walianza kuchuma baada ya swala ya adhuhuri, mapema kuliko kawaida kwa wingi wa kazi. Misumini yote saba waliimaliza, hawakubakisha hata tumba. Rehani waliikata karibu na shina. Kisha wakaketi mkekani chumbani, nguo mbichi zimefunika masinia, kila mmoja na sindano yake na uzi. Mahfudha alitunga makoja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzuri zaidi, na Barka vikuba.

Alasiri ilipoadhiniwa Mahfudha alisema, "Mama, kiuno chanikata."

"Ni kuinama. Egemea ukuta."

Akaegemea, akaendelea. Baada ya muda alisema tena, na Barka akamletea mto. Makoja yalikuwa yamefika tisa. Mjakazi wa Bi Rukiya alikwisha kuja na kuketi mlangoni akijipepea, akisema wanawake wameanza kukusanyika na bibi arusi ameshapakwa hina na piko. Barka aliacha vikuba vilivyosalia akashika makoja pamoja na binti yake.

Mara ya tatu Mahfudha hakutaja kiuno. Alisema, "Mama, nahisi mai chini yangu."

Barka hakugeuka. Alikuwa anahesabu tatu tatu. Akasema, "Vumilia kidogo, mwanangu. Limesalia koja moya."

Lilikuwa koja la kichwani, la bibi arusi. Alilitunga, akalifunga fundo, akalizungusha mkononi kutazama kama liko sawa, akalilaza juu ya mengine na kufunika sinia. Mjakazi alilipokea akaenda zake. Barka alipogeuka, Mahfudha alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba, sindano bado mkononi, na kanga aliyoikalia ilikuwa nyekundu mpaka mkekani.

Alipiga ukelele. Mama yangu na majirani waliingia. Wanaume wanne waliogeuza kitanda kuwa machela walimbeba mpaka hospitali, wakikimbia katika vichochoro, na watu waliokuwa wakielekea arusini walijibana ukutani kuwapisha.

Zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja wa bara, Kerubo, msichana wa Kisii asiyetimiza mwaka tangu aje Amu. Alimtazama Mahfudha mara moja tu akaanza kutoa amri. Kisha akamgeukia Barka.

"Damu ilianza saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi."

Kerubo aliiangalia kanga. Pembeni damu ilikuwa imeshakauka. Akaingia ndani pamoja na daktari.

Mtoto alizaliwa magharibi, msichana, mdogo kama kuku, lakini akalia. Mamake alimsikia. Kerubo alisema alimsikia na akageuza shingo kuelekea sauti. Baada ya swala ya isha Mahfudha akafa.

Asubuhi alioshwa nyumbani. Waoshaji waliomba asumini na rehani za kuweka kwenye sanda, na uani hapakuwa na hata ua moja. Mji wote ulijua yalikokwenda. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wametoka arusini jana yake, na wengine hawakuwahi kufumua nywele. Chumba alimolazwa Mahfudha kilijaa harufu ya asumini za Barka, zilizonyauka na kugeuka kahawia vichwani mwa watu. Mmoja alipotambua alichokivaa, akakichomoa kikuba chake haraka na kukificha chini ya buibui. Barka alimwona. Alimwambia, "Kiwate, usikifiche. Si kosa lako."

Makaburini wanawake hawakwenda, lakini habari zilirudi kabla ya wanaume kunawa miguu. Wakati wa kuteremsha maiti, ilipoulizwa ni maharimu gani, jamaa zake wa karibu, watakaoshuka kaburini, sauti ilitoka nyuma, "Mume wake aitwe." Alikuwa Mwalimu Khatib, aliyepata habari usiku na kutembea kutoka Matondoni tangu alfajiri.

"Mume yupi?" wakamuuliza.

"Jeilani bin Abdulghafur. Nimewaoza mimi kwa mkono wangu. Nalinyamaza kwa sababu naliambiwa ninyamaze, na kunyamaza kwangu Mungu ataniuliza. Sasa nasema."

Mtu alitumwa Mkomani. Jeilani hakuja. Aliyekuja ni babake, Bwana Abdulghafur, mzee, amevaa kanzu ya arusi, anashikiliwa na mpwa wake. Alisimama mpaka udongo ukajaa, akarusha konzi zake tatu, akageuka. Wanasema alipofika nyumbani aliingia chumbani kwake na hakula na mkewe tena mpaka alipofariki, mwaka mmoja baadaye. Kwamba ni kweli hakula naye, sijui. Kwamba alifariki mwaka ule, najua.

Bi Rukiya alituma gunia la mchele wa matanga. Barka aliliacha mlangoni mpaka mbuzi wakalitoboa.

Watu wengi walimlaani Jeilani, na yeye kabla ya mwezi kwisha alihamia Mombasa. Barka alikuwa hawakatazi kumlaani, lakini alikuwa hachangii. Siku ya arubaini alimbeba mtoto, ambaye walimwita Somoe, akaenda hospitali akamngojea Kerubo atoke zamu.

"Siku ile nalikudanganya," alimwambia. "Damu ilianza alasiri. Aliniambia mara tatu. Nalikuwa natunga."

Kerubo alimpokea mtoto, akamshika tu.

"Lau ningemleta aliposema mara ya kwanza?"

"Mama, sijui."

"Wayua. Umesomea."

Yule msichana alimrekebishia mtoto nguo. Angeweza kumwambia haingeleta tofauti; Barka alisema alikuwa tayari kuamini. "Pengine angepona," Kerubo alisema. "Si hakika. Lakini pengine."

Barka akamshukuru. Baada ya hapo Kerubo alikuwa akija Langoni kila mwezi kumpima mtoto, mpaka alipohamishwa.

Barka hakutunga tena kwa arusi ya mtu yeyote. Walimwita, akakataa kwa adabu, mwishowe wakaacha. Alijenga tanuri uani, akaanza kuoka mikate ya mofa na kuiuza mlangoni asubuhi. Misumini hakuing'oa, alisema haina dhambi. Aliyefiwa aliingia akachuma bila kuomba. Mikono yake, iliyokuwa laini, ilijaa alama za moto mpaka kwenye viwiko.

Mwaka wa sitini na nane Alawiya alikuja. Jeilani alikuwa amempa talaka kwa barua, naye alikuwa anarudi kwao Siu. Alikaa mkekani, mtoto hana, akaomba aonyeshwe Somoe.

"Mimi sikujua," alisema. "Nimejua siku ya tatu ya arusi, kwa watumishi. Nimekaa naye miaka hii yote na sikuweza kuja. Nilimwogopa, na nilikuogopa wewe."

"Mimi?"

"Nilikuuliza ungemtia nini binti yako."

"Uliniuliza kwa wema," Barka alisema. "Mimi ndiye niliyejibu na nikaenda kutunga." Akamweleza alasiri ile yote kama ilivyokuwa, asifiche hata neno la koja moja. Alawiya alilia. Barka alimwachia alie, akamfungia mikate minne ya safari.

Somoe alipotimia miaka minne, Barka aliamua apate cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa watoto wa skuli walianza kuulizwa vyeti. Alimwita Mwalimu Khatib kutoka Matondoni, wakaenda watatu ofisini, mbele ya karani mmoja wa bara aliyeitwa Kariuki.

"Jina la baba?" karani aliuliza.

"Jeilani bin Abdulghafur, wa Mkomani."

"Walikuwa wameoana?"

"Walioana," Mwalimu Khatib alisema. "Mimi ndiye niliyewaoza. Andika."

Kariuki akaandika. "Mama?"

"Mahfudha. Marehemu."

"Pole sana, mama. Alikuwa mgonjwa?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi, karani aliuliza kwa ubinadamu tu. Mwalimu Khatib alitaka kumjibia, lakini Barka alimzuia kwa mkono.

"Alikuwa mzima," alisema. "Nalimchelewesha."

Kariuki aliinamia karatasi. Akapiga muhuri, akaupuliza wino, akamkabidhi karatasi. Barka hakujua kusoma. Alimpa Mwalimu Khatib amsomee yote kwa sauti, pale pale kaunta, jina baada ya jina, watu wengine wakingoja nyuma yao kwenye foleni. Kisha akaikunja, akaitia kifuani, akamshika Somoe mkono, wakarudi Langoni kuwasha tanuri.